Mkanda Mmoja Juu ya Ikweta: Nusu Karne ya Azimio la Bogotá

Tarehe 3 Desemba 2026 Azimio la Bogotá linatimiza miaka 50. Katika hati hiyo ya kurasa chache, nchi nane za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati huo, zilidai kumiliki sehemu ya anga iliyo kilomita 35,786 juu ya ardhi yao, mahali ambapo setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia na kuonekana kama imesimama. Dai lilikataliwa, likafifia, na leo ni nadra kusikika hata katika nchi zilizolitia saini. Mkanda uliogombewa, hata hivyo, ndio unaobeba sehemu kubwa ya televisheni ya Afrika Mashariki. Nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kumsenga na Kibondo hadi Kasulu, ziko kama kilomita 400 hadi 500 kusini mwa ikweta, na kila ungo wa televisheni uliofungwa juu ya bati huko umeelekezwa kwenye mkanda huo.

Setilaiti haikai juu kwa kuwa imeuponyoka mvutano wa dunia. Inaanguka muda wote, ila inakwenda mbele kwa kasi kubwa hivi kwamba uso wa dunia, kwa kuwa ni mviringo, unapinda chini yake kwa kiasi kilekile inachoanguka. Mvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa hiyo chombo kilicho mbali huhitaji kasi ndogo zaidi, na njia yake ni ndefu zaidi. Kilicho kilomita 400 juu humaliza mzunguko kwa dakika kama 92. Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400, huchukua zaidi ya siku 27. Kati ya viwango hivyo viwili upo umbali mmoja tu ambapo mzunguko wa chombo huchukua muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha: kilomita 42,164 kutoka kitovu cha dunia. Ukiondoa nusu kipenyo cha dunia yenyewe, zinabaki zile 35,786. Kasi inayotakiwa hapo ni kilomita 3.07 kwa sekunde. Mtu aliyesimama kwenye ikweta hubebwa na dunia kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Setilaiti iliyo juu ya utosi wake huenda zaidi ya kilomita 11,000 kwa saa ili isimwache wala isiachwe, kama mchezaji wa duara la nje katika ngoma anavyolazimika kupiga hatua ndefu kuliko wa duara la ndani ili wabaki wakitazamana.

Mzunguko huo si wa saa 24 kamili. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ukipima kwa nyota. Dakika nne zinazobaki ni za kulifikia tena jua, kwa sababu wakati dunia inajizungusha huwa pia imesogea katika safari yake ya mwaka. Setilaiti iliyorekebishwa kwa saa 24 kamili ingeteleza kuelekea magharibi karibu digrii moja kila siku, na baada ya mwezi ingekuwa imeuacha ungo wa Kasulu mbali kabisa.

Sharti la pili ndilo lililozaa ugomvi. Njia ya chombo chochote kinachozunguka dunia ni lazima ikizunguke kitovu chake. Setilaiti haiwezi kuzunguka sambamba na mstari wa latitudo ya Dodoma au ya London. Ikiinamishwa, itapanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, na kwa mtazamaji wa chini itachora angani umbo la nane. Ili isimame kabisa ni lazima iwe juu ya ikweta. Kwa hiyo mkanda ni mmoja kwa dunia nzima, wenye mzingo wa kilomita kama 265,000. Kwa vyombo vyenyewe nafasi hiyo ni tele. Kinachobana ni mawimbi ya redio, kwa kuwa setilaiti mbili zinazotumia masafa yaleyale zikikaribiana mno, ungo wa chini hushindwa kuzitenganisha. Kwa kawaida huachiwa digrii mbili au tatu baina yao.

Hatua za mwanzo za historia hii zimeandikwa sana. Mhandisi Herman Potočnik aliupigia hesabu umbali huo katika kitabu chake cha mwaka 1929. Arthur C. Clarke, katika jarida la Wireless World la Oktoba 1945, alionyesha kwamba vituo vitatu katika mkanda huo vingetosha kuifikia karibu dunia nzima. Setilaiti ya Syncom 1 ilinyamaza baada ya kurushwa Februari 1963. Syncom 2, kazi ya kundi la Harold Rosen katika kampuni ya Hughes, iliruka tarehe 26 Julai mwaka huohuo na kuwa ya kwanza kwenda sawa na dunia, ingawa njia yake iliyoinama ilichora ile nane. Afrika haikuachwa nje ya majaribio hayo. Tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy, akiwa Washington, alizungumza kwa simu kupitia Syncom 2 na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Upande wa Afrika, mawimbi yalipokelewa na meli ya Marekani iitwayo Kingsport iliyotia nanga bandarini Lagos. Mwaka mmoja baadaye Syncom 3 ilisimama juu ya Pasifiki na kurusha picha za Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1969 setilaiti za shirika la Intelsat zilikuwa zimefika hadi juu ya Bahari ya Hindi.

Ile ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyoifungulia mlango Afrika Mashariki. Kituo cha ardhini cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1970, kikizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, roketi iliyorushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Uhuru ilizunguka chini chini, mbali sana na mkanda wa Clarke. Ilidhihirisha, hata hivyo, jambo ambalo wataalamu walilijua: karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo mkubwa zaidi kuelekea mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu za nje nazo zilitengana. Tanzania ikajenga kituo chake Mwenge, Dar es Salaam, na Uganda ikawa na cha Mpoma, karibu na Mukono.

Hapo katikati ndipo lilipotokea Azimio la Bogotá. Mwishoni mwa Novemba 1976 serikali ya Kolombia iliwaalika wajumbe wa nchi zinazopitiwa na ikweta. Bogotá yenyewe haiko kwenye ikweta. Iko kaskazini mwake kwa digrii zipatazo 4.7, karibu sawa na Kasulu ilivyo kusini. Ila mpaka wa kusini wa Kolombia unaivuka ikweta, na hilo lilitosha. Waliotia saini ni Brazil, Ekuado, Indonesia, Kenya, Kolombia, Kongo, Uganda na Zaire. Gabon na Somalia, ambazo nazo zimo kwenye mstari huo, hazikutia saini. Tanzania haikuhusika, kwa kuwa mpaka wake wa kaskazini na Uganda unafuata latitudo ya digrii moja kusini.

Hoja ya Azimio ilisimama juu ya fizikia. Mkanda huo, ilisema, upo kwa sababu ya mvutano wa dunia peke yake. Ni sehemu ya umbile la sayari hii, tena ni maliasili yenye kikomo. Kwa hiyo usihesabiwe kuwa ni anga ya mbali, ile ambayo Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 uliipiga marufuku kumilikiwa na taifa lolote. Sehemu zilizo juu ya nchi za ikweta ziwe chini ya mamlaka ya nchi hizo, na anayetaka kuweka chombo hapo aombe kibali kwanza. Sehemu zilizo juu ya bahari kuu ziwe urithi wa wanadamu wote. Mkataba wa 1967, waliongeza, haukuwahi kueleza anga ya mbali inaanzia wapi, na kasoro hiyo isiachwe kuzinufaisha nchi zilizoendelea peke yake.

Wakati huo waliokuwa na roketi na setilaiti katika mkanda walihesabika kwa vidole. Kati ya nchi nane zilizosaini, Indonesia peke yake ilikuwa na chombo chake: Palapa A1, iliyorushwa na Marekani Julai 1976. Waliobaki walikuwa wakilinda nafasi ambayo hawakuwa na uwezo wa kuitumia. Kama dai lingekubaliwa, Kenya ingekuwa na digrii kama saba za mkanda, sawa na kilomita 5,000 hivi katika umbali ule, na Uganda digrii kama nne. Serikali za Kenyatta wa Kenya, Amin wa Uganda na Mobutu wa Zaire hazikuafikiana katika mengi, ila hili liliziunganisha.

Majibu yalikuwa makali. Marekani, Umoja wa Kisovieti na nchi za Ulaya, ambazo kwa kawaida zilivutana, zilikataa kwa sauti moja. Uganda, walikumbusha wanasheria, ilikuwa imeridhia Mkataba wa Anga tangu 1968, na haiwezekani kuahidi kutomiliki anga kisha kuidai. Upande wa fizikia pia Azimio lilikuwa na pengo. Setilaiti haitegemei mvutano peke yake bali pia kasi iliyopewa na roketi. Ikinyimwa kasi hiyo, itaanguka. Wala dunia haiko peke yake katika kuivuta. Mwezi na jua huuinamisha mwelekeo wa njia yake kwa digrii kama 0.8 hadi 0.9 kila mwaka, na chombo kikiachwa huanza tena kuchora umbo la nane. Ikweta yenyewe si duara kamili, kwa hiyo setilaiti huvutwa polepole kuelekea sehemu mbili za utulivu, moja karibu na longitudo 75 Mashariki na nyingine karibu na 105 Magharibi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo juu ya Afrika. Chombo kilicho juu ya Kenya, kikikosa mafuta, kitaiacha Kenya na kuelekea juu ya Bahari ya Hindi. Kinachokiweka mahali pake ni injini ndogo zinazowashwa kila baada ya siku kadhaa au majuma machache. Kukirudisha kwenye ikweta kwa mwaka mmoja hudai mabadiliko ya kasi ya mita kama 50 kwa sekunde, na mafuta yakikaribia kuisha, baada ya miaka 15 hivi, setilaiti husukumwa juu zaidi kwa kilomita kama 300, kwenye makaburi ya vyombo vilivyostaafu.

Kwa hoja hizo Azimio lilishindwa, na kisheria lilistahili kushindwa. Kulidharau, hata hivyo, si haki. Kanuni iliyokuwa ikitawala mkanda ni kwamba anayetangulia kuandikisha nafasi na masafa ndiye mwenye nafasi, na kanuni hiyo huonekana ya haki kwa mwenye roketi tu. Nchi za ikweta ndizo zilizoifanya dunia iizungumzie waziwazi. Mwaka 1982 mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulifanyika Nairobi, na hapo mkataba wa umoja huo ulibadilishwa ili matumizi ya mkanda yazingatie mahitaji ya pekee ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya baadhi ya nchi. Maneno hayo ya mwisho ni kivuli cha Bogotá, na inapendeza kwamba yalipitishwa katika mji ulio karibu na ikweta kuliko Bogotá yenyewe. Katika mikutano ya Geneva ya 1985 na 1988 ikakubaliwa kwamba kila nchi itengewe angalau nafasi moja, iwe ina setilaiti au haina, iwe ya ikweta au ya ncha ya kaskazini. Wadai hawakupata milki, ila dunia nzima, Tanzania ikiwamo, ilipata akiba kwa kelele zao.

Katika miaka hiyohiyo Tonga, ufalme mdogo wa Pasifiki usio na roketi wala setilaiti, uliomba nafasi 16 kwa mpigo ili uzikodishe. Ulilalamikiwa, ukapunguziwa, na katika miaka ya 1990 ukagombana na kampuni ya Indonesia juu ya nafasi ya digrii 134 Mashariki. Waliokuwa wameshika mkanda kwa miaka 20 walishangaa kwamba wengine nao wamejifunza mchezo. Kolombia iliendelea kushika msimamo wake: katiba yake ya 1991 inakitaja kipande cha mkanda huo kuwa sehemu ya nchi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Anga mwaka 1984, na katiba yake ya 2010, inapoeleza maana ya ardhi, inaishia kwenye anga iliyo juu ya uso wake. Mzingo wa setilaiti haumo.

Ramani ya leo inaonyesha ukubwa wa kilichodaiwa. DStv hutangaza Afrika Mashariki kutoka nafasi ya digrii 36 Mashariki, ya kampuni ya Eutelsat. Mstari wa digrii 36 unaikata ikweta karibu na Mogotio, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Marigat, ambako lipo bango la ikweta ambalo wasafiri hupigia picha. Chini ya Azimio, kibali kingetoka Nairobi. Azam TV hutumia digrii 7 Mashariki, juu ya bahari ya Ghuba ya Guinea, si mbali na São Tomé. Mwaka 2011 setilaiti ya Intelsat New Dawn, yenye wawekezaji wa Kiafrika ndani yake, iliwekwa kwenye digrii 32.8 Mashariki, juu ya maji ya Uganda katika Ziwa Viktoria, na mojawapo ya antena zake ikakataa kufunguka. Kabla yake shirika la RASCOM la nchi za Afrika, lililoundwa 1992, lilisubiri miaka 15 kurusha chombo chake cha kwanza. Kiliruka Desemba 2007, kikavuja heliamu, kikafupishiwa umri, na kikapata mbadala 2010. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwa na setilaiti yake peke yake katika mkanda huo, kasoro ambayo hotuba za viongozi kuhusu teknolojia hazipendi kuigusa.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu mawasiliano ya setilaiti yalitangulia mengine mengi. Wakimbizi wa Burundi na Kongo walipomiminika katika miaka ya 1990, mashirika ya misaada yalikuja na simu za setilaiti na nyungo zao kambini, wakati vijiji jirani vilikuwa bado havina simu ya aina yoyote. Tanzania Bara yenyewe ilipata televisheni mwaka 1994. Baadaye zikaja nyungo za majumbani na za vibanda umiza, zikiendeshwa kwa jenereta au umeme wa jua, kwa kuwa mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022 tu. Kwa fundi wa Kasulu, ungo wa digrii 36 hulala karibu chali: chombo kiko digrii kama 81 juu ya upeo wa macho, karibu utosini. Wa digrii 7 huinuliwa digrii kama 62, ukitazama magharibi na kuelemea kaskazini kidogo. Ukishakazwa bolti hausogezwi tena, na hilo ndilo lililofanya televisheni ya setilaiti iwe rahisi kwa mtu wa kawaida. Setilaiti isiyosimama ingedai ungo wenye mota ya kuifuata.

Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kwa mtazamo wa wakazi wa nyanda hizo. Mawimbi ya jua huyafunika ya chombo, na picha hukatika kwa dakika chache siku kadhaa mfululizo. Kwa nyungo za digrii 7 hutokea kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri. Kisimbuzi huonyesha ujumbe uleule unaoonekana mvua kubwa ya masika inaponyesha, na mara nyingi fundi hulaumiwa bure. Katika majira hayohayo, usiku, setilaiti nayo huingia katika kivuli cha dunia kwa muda unaofika dakika 70 na zaidi, ikitegemea betri.

Simu na intaneti vimekwishauhama mkanda huo kwa sehemu kubwa. Safari ya kwenda juu na kushuka ni kilomita zaidi ya 71,000, sawa na robo ya sekunde, na mazungumzo ya simu huchukua mara mbili ya hapo kabla jibu halijarudi. Nyaya za baharini, kuanzia SEACOM mwaka 2009, zilimaliza ucheleweshaji huo kwa Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukafuata bara. Setilaiti za Starlink, zilizo kilomita kama 550 juu, hazikai sambamba na dunia wala hazihitaji ikweta. Huduma yao ilifika Kenya na Rwanda mwaka 2023, na Burundi, jirani wa Kibondo, mwaka 2024. Foleni ya ITU imehamia huko pia. Mwaka 2021 Rwanda, nchi isiyoguswa na ikweta, iliwasilisha maombi ya kuandikisha setilaiti zaidi ya 300,000 za mizingo ya chini kwa kanuni ileile ya anayetangulia.